Maji Yaliyorudi kwenye Rejeta

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwangu niliamka nikanusa viganja. Havikunuka asidi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kwenye mabanda ya mafundi pale Gerezani, Dar, mikono yangu ilinuka ile asidi tunayosafishia shaba kabla ya kulehemu. Ilinuka nikikanda chapati, ilinuka nikipakata mjukuu, ilinuka hata siku ya Idi baada ya kujifukiza udi. Ninyi mliobaki kibandani mlinitabiria kwamba nitalia. Sikulia. Nilivuta shuka nikalala tena mpaka jua likaingia dirishani, na hakuna rejeta hata moja iliyonifuata ndotoni.

Kitwana, ambaye sasa ndiye anayeshika funguo za kibanda, ameniomba niandike haya ili vijana wanaokuja wayasome. Nimekubali, ila sitaeleza nani alikuwa mkubwa wa nani. Pale kwetu mkubwa alikuwa yule aliyewahi kufika asubuhi akapata kivuli. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na gari moja la zamani ambalo nusura lininyime usingizi huu ninaojisifia.

Nilikwenda Gerezani kuuza uji. Nilikuwa nimetoka Lindi, nimepanga chumba Buguruni, na kila alfajiri nilipika sufuria ya uji wa ulezi nikaipeleka kwenye mabanda ya mafundi kando ya reli. Fundi Chande wa rejeta ndiye aliyekuwa mteja wangu mgumu kuliko wote. Hakusifu uji wala hakuulaumu, na alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, hivyo nusu ya salamu zangu zilipotea hewani. Siku moja mtu wake wa kumshikia rejeta hakufika. Moto ulikuwa umeshawaka, chuma cha kulehemia kimeiva, risasi imeanza kulegea. Akaniona nimesimama na kikombe.

"We binti, shika hapa."

"Na uji wangu?"

"Uji hautoroki. Shika, usitikisike."

Nilishika. Mikono haikutikisika, kwa sababu anayewamiminia watu wenye haraka uji wa moto kila alfajiri hujifunza kutotikisika. Alipomaliza aliupitisha ukucha juu ya lehemu, haukukwama popote. Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. "Kesho njoo mapema," alisema. "Na uji njoo nao." Sikupata usaili mwingine maishani mwangu.

Miezi ya mwanzo wateja walinipita kama nguzo. Mtu angeegesha gari linalofuka moshi, anitazame, kisha aulize, "Mama, chai ipo?" Nami nikiwa nimeshika koleo ningemjibu, "Chai hakuna. Maji ya kutu yapo, nikutilie?" Fundi Chande, kama maneno yameingia upande wa sikio zima, alicheka mpaka akakohoa. Kwa wengine hakuwa mcheshi hata kidogo, ila mteja aliyekataa rejeta yake kushikwa na mwanamke aliambiwa kwa upole kwamba Dar ina mafundi wengi na barabara iko wazi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Pipa lililokatwa katikati likajazwa maji, pampu ya baiskeli, vizibo vya mpira vilivyochongwa kutoka kwenye ndala kuukuu, na chaki. Unaziba midomo ya rejeta, unaizamisha kwenye pipa, unapampu upepo, kisha unatulia. Tobo hujitaja lenyewe. Kuna tobo linalotoa mapovu makubwa ya haraka, na kuna lile linalotoa povu moja dogo, likasita, likatoa jingine, kama mtoto anayeficha kilio. Hilo dogo ndilo la kuogopa. Wengi hulipita kwa sababu wana njaa au mteja anapiga honi.

Fundi Chande alinifundisha pia kusoma maji. Angefungua shingo ya rejeta, apitishe kidole ndani, na kama kimetoka na unga mweupe angesema, "Ya kisima hii." Visima vingi vya mjini vina chumvi, na chumvi hula rejeta taratibu na kuacha unga wake hapo hapo ulipopita. Alikuwa na kanuni nyingine aliyoipenda kuliko zote. Gari likifika linachemsha, hakumsikiliza mwenye gari. Alishika mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini, akilinganisha joto kwa kiganja. "Mwenye gari anakwambia anachotaka kiwe," alisema. "Mpira unakwambia kilichopo." Niliifuata kanuni hiyo maisha yangu yote, nayo ilinifaa mpaka kazi yangu ya mwisho kabisa.

Fundi Chande alifariki, Mungu amrehemu, kabla rejeta za shaba hazijaanza kupotea. Pengine ni heri. Zilikuja za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki, ambazo huwezi kuzilehemu kwa chuma chetu. Zikipasuka watu huzitupa, wanakwenda maduka ya spea hapo hapo jirani, wanarudi na nyingine ndani ya boksi. Tulijifunza kufunga badala ya kutibu. Mimi sikununa sana. Moshi wa risasi ulishanipa kikohozi kisichokwisha, na nilikuwa nimeanza kuhesabu si siku, bali sababu za kubaki. Zilipungua vizuri. Nilimwambia Kitwana, "Nataka kuondoka siku ambayo hakuna gari lililorudi mlangoni." Akaniambia siku hiyo haipo kwenye kalenda.

Ndipo Mzee Nassor alipoleta gari lake.

Wengi wenu mnamfahamu, yule mwenye duka la kanga Kariakoo, nyumba yake iko Magomeni. Gari lilikuwa la Kifaransa, la rangi ya mtindi, lenye usukani mwembamba kama bangili. Baba yake alilinunua jipya, akalitunza, kisha akamwachia. Injini ilikuwa imechemka mara mbili na kila mara ikaunguza gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini. Hedi ilichongwa, ikachongwa tena, na fundi wa injini, jirani yetu, alimwambia bila kuzunguka kwamba sasa imebaki nyembamba. Ikichemka tena hakuna cha kuchonga, na injini ya aina ile haipatikani mjini wala kwa jamaa za mzee kule Muscat, ambako alishauliza.

Alikuja na mwanawe, Khalid, aliyebeba boksi kubwa begani.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa."

"Shikamoo mama," alisema Khalid, akaweka boksi chini. "Nimemnunulia rejeta mpya. Ya kwake imeoza, si ya kulehemu tena. Lakini nimemwambia, hii ndiyo mara ya mwisho. Likichemsha tena nawaita watu wa chuma chakavu."

"Msikie huyu," Mzee Nassor aliniambia, mkono juu ya boneti. "Alipozaliwa, gari hili ndilo lililomtoa hospitali likamleta nyumbani. Leo anataka kulikata vipande."

"Baba, nililetwa na teksi. Gari lilikuwa gereji."

Kitwana aligeukia ukuta acheke vizuri. Mzee mwenyewe hakucheka. Alinieleza kwa sauti ya chini kilichokuwa kinamsumbua, nacho hakikuwa chuma. Kila Idi, tangu walipooana, alikuwa akimpeleka mkewe, Bi Zuhura, kwa dada yake Morogoro kwa gari hilo. Idi iliyopita lilichemka karibu na Chalinze. Bi Zuhura alikaa kando ya barabara na sufuria ya pilau mapajani, huku malori yakimpulizia vumbi, na aliponyanyuka alitangaza kwamba yeye na gari hilo basi. "Khalid anaweza kumpeleka kwa gari lake," alisema mzee. "Lina kiyoyozi. Lakini fundi, mimi nataka kumpeleka mimi."

Rejeta ya ndani ya boksi ilikuwa ya aluminiamu, imetengenezwa kwa gari jingine kabisa, ila upana ulikaribiana. Tulitengeneza vishikizo vipya vya bati, tukaweka vipande vya mpira chini yake isigongane na chasisi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye shingo. Nieleze hapa, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapokosea. Maji yakipata moto hutanuka, na yaliyozidi lazima yatoke. Gari la zamani kama lile lilikuwa na kipira kidogo shingoni kilichoelekea chini. Maji yaliyozidi yalimwagika barabarani, na mwenye gari aliongeza mengine. Nilitaka yasimwagike. Nilitaka yaingie kwenye kopo la akiba, na injini ikipoa rejeta iyavute tena, isipungue wala isiingize hewa.

Kopo nililipata kwenye meza za spea zilizotumika, la plastiki nyeupe, lina mistari miwili ya kuonyesha kipimo. Nililifunga pembeni mwa rejeta, usawa wa kichwa chake, mbali na bomba la moshi. Kipira kutoka shingoni nilikizamisha mpaka karibu na kitako cha kopo. Kama kingeishia juu, maji yangetoka sawa, lakini wakati wa kurudi rejeta ingevuta hewa tupu. Mfuniko wa kopo niliuacha na kitundu chake cha kupumulia. Kisha mfuniko wa rejeta yenyewe. Huu wa zamani unazuia presha tu. Ukiufunga, maji yatakwenda kwenye kopo na hayatarudi. Lazima mfuniko uwe na mpira juu na mpira chini, na katikati yake kivalvu kidogo kinachofunguka ukikivuta kwa ukucha. Tulizunguka maduka mpaka tukaupata wenye urefu unaolingana na shingo ile. Nilirudisha na thamostati, ile inayopima joto ndipo iruhusu maji kupita, ambayo fundi mmoja wa zamani aliing'oa kama tunavyopenda kufanya mjini hapa kila gari likichemsha, kana kwamba kukata kengele ndiko kuzima moto.

Tukajaza kulanti, yale maji ya kijani ya kupozea injini, tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa yote ikatoka, tukafunga. Kopo tukalijaza nusu. Mpira wa juu moto, wa chini vuguvugu, kama Fundi Chande anavyotaka. Mzee Nassor aliondoka akipiga honi mpaka kwenye kona. Nilimwambia Kitwana, "Sasa naweza kwenda."

Kabla wiki haijaisha gari lilikuwa mlangoni tena.

"Linamwaga maji, fundi," alisema mzee. Uso wake ulikuwa umesinyaa. "Kopo linajaa mpaka linafurika. Na rejeta kila siku inapungua. Jana mshale ulipanda. Haukufika kwenye nyekundu, lakini ulipanda. Nilizima haraka."

Dalili hizo ni za gasketi inayovuja, gesi ya injini inasukuma maji nje. Na gasketi ikiwa imekwenda, gari limekwenda, na Morogoro imekwenda. Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilitazama kopo injini ikiunguruma, nikitafuta mapovu. Hayakuwepo. Nilishika mipira. Ilikuwa sawa. Nilikagua kipira, kilikuwa kimezama. Nilitandika kadibodi kavu chini ya gari, ikabaki kavu. Mchana kutwa gari halikuonyesha kosa lolote, mzee akalichukua, na baada ya siku chache likarudi na hadithi ile ile.

"Mama," Kitwana aliniambia, "hili gari likiwa hapa ni zima. Likienda kwake linaugua. Labda lina mashetani ya Magomeni."

Ndipo nilipolitazama kopo kwenye mwanga, si kipimo chake bali rangi. Kulanti niliyoweka ilikuwa kijani kibichi. Hii ilikuwa imefifia kama chai iliyomiminiwa maji juu ya majani yale yale. Nikapitisha kidole kwenye shingo ya rejeta, kikatoka na unga mweupe. Fundi Chande mwenyewe hakuwepo lakini sauti yake ilikuwepo: ya kisima hii. Nikamwangalia Mzee Nassor, mzee wa watu, aliyesimama na kanzu yake safi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikaona mpira hautaniambia kitu. Ilibidi niulize watu.

Sikumuuliza yeye. Nilikwenda Magomeni kesho yake alasiri, nikamkuta Bi Zuhura uani anachambua mchele.

"Shikamoo Bi Zuhura. Mimi ndiye fundi wa gari."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya gari."

Nilikaa kwenye mkeka, nikamuuliza kama kuna mtu nyumbani anaongeza maji kwenye rejeta. Alicheka mpaka mchele ukaruka kwenye ungo.

"Kuna mtu! Kuna mwenyewe. Subiri magharibi utamwona."

Nilisubiri. Mzee alirudi na gari kutoka dukani, akaliegesha, akaenda msikitini, akarudi. Hakuingia ndani. Alichukua birika la aluminiamu, akalijaza kwenye bomba la kisima, akakunja kitambaa, akafungua boneti. Injini ilikuwa bado na joto. Akazungusha mfuniko wa rejeta polepole, ikatoa pumzi, naye akasubiri iishe kwa subira ya mtu anayemsubiri mgeni avue viatu. Akaufungua, akachungulia, akakuta maji yamepungua, akamimina birika mpaka shingoni. Kisha akarudisha mfuniko na kuuzungusha kidogo tu, mpaka ulipokwama mara ya kwanza.

Kila kitu kilikuwa pale. Maji yaliyotakiwa kurudi yalikuwa bado kwenye kopo, yanangoja injini ipoe. Yeye alifungua kabla hayajavutwa, akaona pengo, akalijaza kwa maji ya chumvi. Kesho yake injini ikipata moto maji yote yakataka nafasi, kopo likafurika, kulanti ikamwagika. Na mfuniko ule una vituo viwili: cha kwanza huuzuia usimrukie mtu usoni, cha pili ndicho kinachokaza. Ule wa zamani ulikuwa umelegea kwa uzee, ukikwama mara moja basi umefunga. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo. Gari lilikuwa likitembea na mfuniko uliofungwa nusu, na kila tulipolikagua kibandani tuliukaza bila kujua, ndiyo maana kwetu lilikuwa zima.

"Mzee," nilimwita.

Aliruka kidogo, birika likamgonga goti. "Fundi! Karibu. Nilikuwa nalinywesha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Baba alikuwa hali chakula cha usiku kabla hajalinywesha. Mimi je, niende kulala na lina kiu?"

Nilimweleza. Alisikiliza kwa adabu zote, akatikisa kichwa, akasema amenielewa, na macho yake yakarudi kwenye mfuniko. Nilijua kesho atafungua tena. Kitwana, nilipomsimulia, alishauri tuufunge kwa waya na lakiri kama mita ya umeme. Nilikataa. Anayetaka kufungua atakata waya, halafu atafunga nusu kama kawaida, na safari hii atanificha. Nilimwaga maji yote, nikaisafisha rejeta mpaka chumvi ikaisha, nikajaza kulanti upya, nikaukaza mfuniko mpaka kituo cha pili huku mkono wa mzee ukiwa juu yake ausikie. Idi ilikuwa imekaribia.

Bi Zuhura ndiye aliyemaliza mjadala. Niliporudisha gari Magomeni alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi nitapanda," alisema, na mzee akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. "Nitapanda kama fundi na yeye anapanda. Likichemka tukae wote pale Chalinze, tule vumbi pamoja."

Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho niliifanya nimekaa kiti cha mbele, nimevaa baibui mpya, nikiwa abiria.

Tulitoka Magomeni baada ya swala ya alfajiri, siku moja kabla ya Idi kubwa. Nyuma alikaa Bi Zuhura na vyombo vya chakula, ameviegemea kama mtu aliyejiandaa kushuka wakati wowote. Barabara ya Morogoro ilikuwa imejaa kila mtu aliyekuwa na ndugu bara. Mbezi tulisimama kabisa. Mabasi ubavuni, malori mbele, hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta, na mshale wa joto ukaanza kupanda.

Mkono wa Mzee Nassor uliondoka kwenye usukani ukaenda kwenye kamba ya kufungulia boneti.

"Mzee, acha."

"Unapanda, fundi."

"Naona. Uache upande. Maji yanatanuka, yanakwenda kwenye kopo. Ndiyo kazi yake."

"Na yakichemka?"

"Mfuniko umekaza. Hayajafika huko."

"Una hakika?"

Nitawaambia ninyi ambacho sikumwambia yeye. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika na kopo, na kipira, na mfuniko, lakini hedi ile nyembamba ilikuwa siri yake yenyewe, na nilimsikia Bi Zuhura nyuma yangu akisoma dua kwa sauti ya chini. Mshale ulipanda mpaka karibu na nyekundu, ukasimama hapo. Kisha lori la mbele likatema moshi, likasogea, nasi tukasogea, upepo ukaingia, na mshale ukaanza kushuka taratibu sana, hata sote watatu tukawa tunauangalia badala ya barabara.

"Tazama mbele, Nassor!" alipiga kelele Bi Zuhura. "Usituue sasa wakati gari limekubali."

Chalinze tulisimama kula. Mzee aliegesha, akazima, akafungua boneti, kisha akaingiza mkono chini ya kiti chake akatoa birika.

Bi Zuhura aliliangalia, akamwangalia mumewe. "Umekuja na birika?"

"La udhu."

"Udhu wa nani? Wa injini?"

Nilikwenda nikasimama kati yake na rejeta. "Mzee, nakuomba kitu kimoja. Usifungue. Kaa hapa uangalie kopo."

Niliweka alama kwa chaki mahali maji yalipofika, juu ya mstari wa pili. Bi Zuhura alinunua chai na chapati, tukala tumesimama ubavuni mwa gari huku wasafiri wengine wakitushangaa, watu wazima watatu wanaolinda kopo la plastiki. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Mzee alikuwa anabadilisha miguu, birika mkononi. Injini ilianza kutoa vile vimlio vyake vya kupoa. Kisha maji yakawa chini ya chaki, kidogo, kama upana wa uzi. Akainama. Yakashuka tena. Aliweka birika chini ili ashike magoti.

"Yanarudi," alisema.

"Yanarudi, mzee."

"Nani anayavuta?"

"Hakuna. Likipoa linayavuta lenyewe."

Alikaa ameinama muda mrefu, na maji ya kopo yakashuka mbele ya macho yake mpaka yakafika pale tulipoyajaza Magomeni. Aliposimama macho yake yalikuwa yamelowa, akajifanya ni vumbi la barabara. "Baba hakuliona hili," alisema. "Mzee wa watu. Kila jioni na birika."

"Panda basi twende," alisema Bi Zuhura, lakini kwa sauti laini, na alipofungua mlango alikwenda kukaa kiti cha mbele. Mimi nikahamia nyuma pamoja na vyombo. Nilifurahi sana kuhama.

Tulifika Morogoro salama, na baada ya sikukuu tulirudi salama. Khalid alitupokea Magomeni, akafungua boneti mwenyewe akatafuta kosa, akakosa, akaifunga. Siku iliyofuata nilimkabidhi Kitwana funguo za kibanda. Hakukuwa na gari mlangoni.

Lakini ninachotaka mbaki nacho ni asubuhi ya Idi kule kwa dada yake Bi Zuhura. Nililazwa chumba cha uani. Kabla hakujapambazuka vizuri nilisikia mfuniko wa birika ukigonga, nikajua. Nilinyanyuka nikachungulia dirishani kama mwizi. Mzee Nassor alikuwa mbele ya gari na kanzu yake mpya, boneti iko wazi, kitambaa begani. Alinyoosha mkono mpaka juu ya mfuniko wa rejeta. Ulikaa pale hewani, haukugusa. Kisha aliushusha akaligonga kopo kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu waliolala, akainama akasoma kipimo.

Akafunga boneti kwa viganja viwili isipige kelele. Akachukua birika, akachutama kwenye ngazi ya baraza, akatia udhu kwa maji yale mpaka yakaisha, akaenda msikitini. Nami nikarudi kulala.